Nakala ya Ibara ya Nane

Shilingi tano ukurasa. Pande mbili, nane.
Kibanda changu ni mlango na nusu, ng'ambo ya mahakama ya Milimani,
na mashine yangu ina kikohozi:
kila nakala hutoka na mstari mweusi katikati,
kama mto kwenye ramani ya nchi isiyokuwapo.

Humu zimepita talaka, dhamana, hati za mashamba ya marehemu.
Sisomi. Asomaye kila karatasi halipi kodi ya kibanda.

Alikuja Jumanne, kilemba cheupe, kanzu nyeupe,
viatu vizito kwa tope la Kayole.
Nyuma yake binti, Tirza, miaka kumi na mitatu,
kilemba chake kidogo kimekazwa
kama mzigo unaokwenda safari ya mbali.
Amevaa sare ya shule. Saa nne asubuhi.
Na yuko kwangu.

"Mwalimu mkuu amesema avue au asirudi.
Amesema ni kitambaa tu.
Haya, kama ni kitambaa tu, kinamnyima usingizi kwa nini?"

Akatoa kitabu cha kuazima,
Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu na za watu,
pembe zake zimelika kama za kitabu cha nyimbo.
Wakili alitaka nakala ya wote.
Nikahesabu kurasa. Akahesabu sarafu.
Hesabu zetu hazikusalimiana.
"Basi nipe ya nane peke yake."

Nikainua kifuniko, na hapo nikasoma.

Uhuru wa dhamiri. Kushika dini na kuitenda.
Maneno machache kuliko ya risiti ya umeme.
Na ndani yake, kati ya mkato na mkato,
yameketi mengine kama bawabu wa usiku:
*kwa kadiri ya sheria na utulivu.*

Mama Tirza akaweka kidole hapo hapo.
"Hili ni komeo la ndani au kufuli la nje?"
Mimi mtu wa nakala. Nikamwambia amuulize wakili.
"Nilimuuliza. Akasema wapo wanaokaa Banjul,
na majaji wako Arusha,
kazi yao kumuuliza aliyefunga:
ulifungia nini, na je, hukuwa na njia nyingine?"

Arusha naijua: basi la asubuhi, Namanga, muhuri, vumbi.
Banjul siijui.
Nilijaribu kuiona, nikaona meza tu, na mtu
anayesoma jina la Tirza akikosea kulitamka.

Mashine ikakohoa. Karatasi ikatoka ina moto,
na mto wangu mweusi umepita juu ya *utulivu.*
Tirza akacheka. Mamake akamkemea kwa jicho.
Nikafuta kioo kwa shati, nikarudia bila malipo.
Ukapita pale pale.

Mimi Ijumaa hufunga saa sita na nusu,
naning'iniza kadibodi, *narudi saa nane,*
naenda Jamia na kofia yangu kichwani,
na wateja hungoja, wengine wakinung'unika kuhusu jua.
Kofia hawaitaji.
Lakini dada yangu, Zuhura, kidato cha pili,
alisimamishwa gwarideni mbele ya shule nzima.
Hatukuwa na wakili. Tulikuwa na baba
aliyesema, vua mwanangu, usome.
Akavua. Akasoma. Leo ni mhasibu, Nakuru,
na picha za shule hazioneshi mtu yeyote.

Hatukujua kama pana ibara.
Au tulijua iko mahali, kama mtu anavyojua
kwamba mvua inanyesha Limuru.

Walipoondoka nilibonyeza tena.
Nikatoa shilingi tano mfukoni, nikazitia kwenye kopo langu mwenyewe,
maana hesabu ni hesabu.
Nikaikunja mara nne. Bado sijaituma.

Alhamisi walipita tena, mama mbele, binti nyuma.
Kesi imesogezwa hadi tarehe kumi na tisa.
Tirza alinunua kalamu.